Tulipeni Hongo Yetu

Klabu nyingi za magari ya zamani nchini hazipendi magari. Zinapenda kuonekana nayo. Najua sentensi hiyo itawaudhi watu ninaokula nao nyama choma, na baadhi yao wataisoma kabla hatujaonana Jumamosi. Waisome. Nimeiandika kwa ajili yao.

Naishi Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Misafara ya wikendi hupita hapa: Land Rover kumi, kumi na tano, taa zimewashwa mchana kweupe, fulana za rangi moja, droni juu. Mimi pia ni mwanachama. Nalipa ada ya mwaka, ninazo fulana mbili, na gari ninalo: Land Rover 109, Series III, ambalo baba yangu mdogo alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu nikiwa bado sijaanza shule. Kwa hiyo sisemi kwa wivu wa mtu aliyesimama kituoni akila vumbi la wenzake. Nasema nikiwa ndani.

Hoja yangu ni fupi. Magari ya zamani ya nchi hii yalitunzwa na watu waliokuwa na kazi nayo: wakulima, madereva, mapadri, wauguzi, na zaidi ya wote mafundi wa gereji za chini ya mti. Klabu zimefika mwishoni, zimekuta kazi imeshafanyika, na badala ya kuwakaribisha waliofanya kazi hiyo zinawatoa nje kwa kanuni, kwa ada na kwa aibu. Zikiendelea hivi, miaka kumi ijayo tutakuwa na magari yanayong'aa yasiyo na fundi, na vijiji visivyo na gari.

Tuanze na kanuni. Lipo shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966. Kwa mujibu wake, gari la kihistoria linapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 30, liwe limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Kule ulikotungwa, ufafanuzi huo una mantiki. Uingereza, ambako Veteran Car Club iliundwa mwaka 1930, gari la miaka 30 huwa limeshastaafu. Mwenyewe ana gari jingine la kwendea kazini. Hili la zamani hulala chini ya turubai, likitolewa Jumapili yenye jua.

Sasa chukua ufafanuzi huo uje nao katika kijiji chochote cha wilaya yetu siku ya mnada. Utakuta 109 imeegeshwa chini ya mbuyu, nyuma ina mbuzi, juu ina magunia ya karanga, na pembeni akina mama wanajadiliana nauli na dereva. Gari hilo lina umri wa miaka 45. Limepita makorongo ambayo gari la juzi lisingethubutu. Lakini kwa kipimo cha FIVA si la kihistoria, kwa sababu kesho asubuhi litakwenda tena kazini. Litakuwa la kihistoria siku litakapokufa, likaoshwa, likawekwa chini ya paa. Historia yake inaanza pale kazi inapoisha! Mtu aliyekulia huku hawezi kukubali jambo hilo isipokuwa amelisoma mahali.

Na sisi tumelisoma mahali. Klabu yetu haina uhusiano wowote na FIVA, lakini katiba yake ina kifungu kinachosema gari la mwanachama lisiwe la biashara. Niliuliza kifungu hicho kilitoka wapi. Jibu lilikuwa kwamba klabu zote za maana zinacho.

Haya, magari haya yamefikaje salama hadi leo? Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Kinacholiwa ni chesisi, na chesisi huliwa haraka pwani kwenye hewa ya chumvi. Huku kwetu uwanda wa kati mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Chesisi inadumu. Hiyo ni sababu ya kwanza, na hatuwezi kujisifia nayo.

Sababu ya pili ni watu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, kwa majirani zetu wa mashariki. Yakaletwa matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita, na ardhi ngumu ya Ugogo ikayavunja moja baada ya jingine. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Vitabu huusimulia kama mfano wa wapangaji waliopanga bila kuuliza, na ni kweli. Lakini penye mashine nyingi mbovu panahitajika mikono mingi ya kuzifungua. Ufundi wa magari katika eneo hili una mizizi mirefu kuliko klabu yoyote, na sehemu ya mizizi hiyo ilimwagiliwa na uzembe wa wakoloni.

Baada ya Uhuru tulijaribu hata kuunda magari yetu. Kibaha palikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, na huko huko Pwani jeshi likaanzisha Shirika la Nyumbu, lililotengeneza lori lenye jina hilo hilo. Waulize wanachama wa klabu yoyote ya magari ya zamani kuhusu Nyumbu. Watakutajia namba za injini za Solihull kwa kichwa, lakini lori lililobuniwa na Watanzania hawajawahi kulitafuta, wala kuuliza kama lipo linalotembea.

Mwaka 2021 mwanahistoria Joshua Grace alitoa kitabu kiitwacho African Motors, kuhusu historia ya gari katika nchi yetu. Anaonyesha kwamba gari halikubaki kuwa kitu cha kigeni tulichokipokea kama kilivyo. Madereva na mafundi wetu walilifungua, wakalirekebisha, wakalifanya lifae mahali hapa. Maarifa hayo hayakuwa ya kuigiza. Yalikuwa maarifa kamili, yenye walimu, wanafunzi na mitihani yake.

Baba mdogo alikuwa mmoja wa walimu hao. Gereji yake ilikuwa Buigiri, chini ya mgunga, haikuwa na bango. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akakwambia pistoni ipi ina tatizo. Alikata gasketi kwa kuigongagonga karatasi juu ya chuma chenyewe kwa nyundo ndogo, mpaka karatasi ikachukua umbo. Bushi alizikata kutoka kwenye tairi za lori zilizochoka. Ekseli ikikatika, na katika 109 ekseli za nyuma hukatika, alijua ya gari gani inaweza kukerezwa ikakaa. Gari hili ninaloendesha limefunguliwa injini mara nne na mtu ambaye hakuwahi kumaliza darasa la saba.

Alifariki akiwa amefundisha vijana watatu. Mmoja yuko Dar es Salaam, anauza simu. Wa pili analima zabibu. Wa tatu anaendesha bodaboda hapa hapa. Hakuna aliyeacha ufundi kwa kuuchukia. Waliuacha kwa sababu kazi ya Land Rover za zamani ilikuwa inaondoka kijijini, na walioichukua hawakuwachukua wao.

Sitaki kusingizia kwamba zamani klabu zilikuwa za haki. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yaliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa malkia wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi ambazo wenyeji wake wengi walikuwa watazamaji kando ya barabara. Hata hivyo, mwaka 1965 aliyeshinda alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtu wa gereji, kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Kilichompa ushindi ni kulijua gari lake mpaka uvunguni. Leo yapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya yale ya kwanza. Washindani wengi huleta magari yao kwa meli, na mafundi wao pia. Mashindano ni yale yale. Ujuzi unakuja umefungwa kwenye kontena na unaondoka hivyo hivyo.

Hapa nyumbani, kwa muda mrefu gari lilikuwa kitu cha kuonea haya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno Wabenzi lilitosha kumfunga mtu mdomo. Wakati wa shida ya mafuta kulikuwa na marufuku ya kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri, na wazee bado wanaikumbuka. Aliyekuwa na gari alilitunza kimyakimya, kwa sababu spea hakuna na gari jingine hapati. Kisha ikaja ruksa, yakaja magari ya Kijapani yaliyotumika, na gari likaacha kuwa jambo la ajabu. Nafikiri ndipo mbegu ya klabu zetu ilipopandwa. Kila mtu alipopata gari, ikabidi mwenye gari atafute namna nyingine ya kuwa tofauti na jirani.

Lakini mwanzo wake ulikuwa mzuri, na hili nataka lieleweke. Nilipojiunga na kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu chini ya arobaini, na mazungumzo yake yalikuwa ya kiufundi mpaka mke wa mtu angeyachoka. Mtu wa Mpwapwa ameandika ekseli imekatika. Mtu wa Singida anajibu ninayo, naiweka kwenye basi la kesho asubuhi, nenda stendi saa nane. Bei? Utaleta ukipita. Fundi mmoja asiyejua kuandika vizuri alituma sauti za dakika saba akieleza namna ya kurekebisha kabureta, na watu wazima wenye shahada walizisikiliza mara mbili mbili. Ile ndiyo klabu. Watu wanaofahamiana kupitia ubovu wa vitu vyao.

Leo kundi lina watu zaidi ya mia mbili. Fungua sasa hivi: bango la safari ya Mtera, bei ya meza ya watu kumi, rangi ya mavazi, nembo za wadhamini, jina la DJ. Ukiuliza habari ya gasketi utaambiwa, "Dada, andika pembeni, hapa ni matangazo tu."

Mwaka juzi mzee mmoja wa upande wa Mvumi aliomba kujiunga na msafara. Gari lake hubeba matikiti na zabibu msimu ukiwa mzuri, na mvua zikikata njia hubeba watu. Ni yeye aliyewahi kunitumia stata bila kutaka hata senti, akisema kwa baba mdogo wako nina deni. Katika kundi, kiongozi akamjibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee wetu. Safari hii tuna wadhamini, tungependa magari yenye mwonekano." Mzee akaandika, "Marahaba. Sawa." Kesho yake jina lake halikuwepo kwenye kundi.

Hakuna aliyemtukana. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulipinga. Mlango ulifungwa kwa shikamoo.

Silaha nyingine ni neno orijino. Katika klabu zetu mtu anaweza kudharauliwa kwa sababu Land Rover yake ina injini ya Toyota. Wanachama hununua taa kutoka Uingereza kwa bei ya ng'ombe wawili ili zifanane na zilizotoka kiwandani, kisha wanamcheka fundi aliyefanya gari lisimame lisiwe chuma chakavu mwaka ambao spea za Uingereza hazikupatikana kwa pesa wala kwa maombi. Ile injini ya Toyota ndiyo historia ya gari hilo. Inakwambia mwaka ambao dola hazikuwepo, inakwambia nani alikuwa na akili, na inakwambia kwamba kuna mtu alikataa liishie pale. Ukiing'oa ili urudishe ya Solihull, umefuta ukurasa wa Kitanzania ukabandika wa Kiingereza.

Tazama Havana. Magari ya Marekani ya miaka ya 1950 yanabeba abiria hadi leo, kwa kuwa baada ya mapinduzi ya 1959 mapya yaliacha kuja. Chini ya boneti nyingi kuna injini za dizeli za nchi nyingine kabisa. Dunia nzima hupanda ndege kwenda kuyaona. Sijasikia mtalii aliyelia kwamba si orijino.

Lakini hatuhitaji kwenda Cuba. Hapa Chamwino tunajua kutunza urithi kuliko klabu zote hizi. Kituo cha sanaa cha Chamwino kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo tangu mwaka 2009, na kinachohifadhiwa pale hakiwekwi kabatini. Akina mama wanapiga muheme, watoto wanacheza karibu na wakubwa, wazee wa zeze wanasikilizwa na vijana wanaotaka kujaribu. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alitengeneza ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko alizozikuta kwa wazee wake. Nani alimwambia ameharibu? Tulimwita fundi mkubwa. Ala ambayo haiguswi inakufa, na mikono ambayo haigusi inasahau. Kwa ngoma tunalijua hilo. Kwa gari tunajifanya hatulijui.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Magari haya hayaongezeki. Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na sisi hutoza ushuru wa ziada gari linapozidi umri huo. Kwa hiyo 109 zilizopo ndani ya nchi ndizo hizo hizo, na anayetaka moja lazima aitoe kwa mtu. Mtu huyo yuko kijijini. Dalali anafika na picha kwenye simu, anakuta mwaka mbaya wa mvua, mtoto anatakiwa shuleni, anataja bei ambayo kwa mwenye gari ni kubwa na kwa mnunuzi wa mjini ni ya kuchekea. Gari linaondoka. Miezi sita baadaye unaliona kwenye picha, limepakwa rangi ya mchanga, lina hema juu ya paa, na chini yake pameandikwa kwamba limeokolewa.

Limeokolewa kutoka kwa nani?

Katika wilaya yetu kuna vijiji ambako gari la kukodi usiku ni moja au hakuna. Serikali yenyewe inajua thamani ya gari la namna hiyo. Mpango wa m-mama, ambao mjamzito au mzazi akipata dharura hupigiwa namba 115, hutumia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Yaani mwenye gari wa kijijini ni sehemu ya huduma ya afya ya nchi hii. Sisemi kila 109 iliyouzwa ilikuwa ikibeba wagonjwa. Nasema anayelinunua haulizi.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia mezani.

La kwanza: mtu na mali yake, aliuza kwa hiari. Ni kweli, na sitaki kumnyima mkulima haki ya kuuza. Lakini klabu hudai inalinda urithi wa taifa. Ukishatamka urithi wa taifa umeacha lugha ya mtu na mali yake, na huwezi kuirudia pale tu inapokufaa.

La pili: bila klabu magari haya yangekatwakatwa na kuuzwa kwa kilo. Baadhi, ndiyo. Nimeona chesisi zikipimwa kwenye mizani na moyo wangu ukapasuka. Anayelitoa gari kwenye yadi ya chuma chakavu nampigia makofi. Nazungumzia gari linalotembea, lenye kazi, lenye dereva.

La tatu ndilo zito: magari haya ni hatari na yanachafua hewa. Hayana mikanda ya maana, breki zake zinahitaji mguu wa mtu mzima, moshi wake hauna utetezi. Nakubali. Sitamani mjukuu wangu apelekwe hospitali kwa 109. Natamani apelekwe kwa gari bora. Ila hilo gari bora halifiki kwa sababu mtu wa mjini amelitoa la zamani. Linaondoka hili, halifiki lile, na katikati panabaki mkokoteni.

Na kuna watakaonikumbusha Arusha. Oktoba 2024 jiji lile liliandaa tamasha la Land Rover likitaka kuvunja rekodi ya msafara mrefu kuliko yote duniani, ambayo ilikuwa ya Ujerumani, magari 632, mwaka 2018. Waandaaji walitangaza kwamba yamepita elfu moja. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini jiulize Arusha iliyatoa wapi. Sehemu kubwa ya magari yale ni ya kubeba watalii, yaliyokatwa, yakarefushwa, yakatobolewa paa, yenye injini za kila namna, yanayotengenezwa na mafundi wa mitaani usiku ili asubuhi yaingie porini. Wajerumani waliwakusanya wapenzi wa magari. Sisi tuliyakusanya magari yaliyokuwa kazini. Kifungu cha katiba yetu kingetumika pale getini, rekodi isingekaribia kuvunjwa.

Basi tufanye nini? Nitajibu kwa historia ya barabara yetu wenyewe.

Karne ya kumi na tisa misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Hapakuwa na njia ya kukwepa, na visima vilikuwa vichache. Watemi wa Wagogo walitoza hongo: nguo, shanga, waya. Wazungu waliopita, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, walijaza kurasa wakilalamika. Walitaka maji bila kuwatambua wenye visima. Siku hizi hongo ni rushwa, neno la aibu. Wakati ule ilikuwa ada ya kupita, malipo kwa watu waliotunza kile kinachokufanya ufike.

Nataka hongo irudi, kwa maana yake ya zamani na kwa risiti.

Kila gari katika msafara wa klabu lichangie shilingi elfu ishirini, pungufu ya bei ya kilo mbili za nyama mnazochoma njiani. Magari kumi na tano ni 300,000 kwa safari moja. Safari nne kwa mwaka ni 1,200,000. Pesa hiyo imlipe kijana mmoja chakula na nauli akae kwa fundi mwaka mzima, katika wilaya ile ile mnayoipita. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mfuko huo huo umlipie fundi mzee apimwe apate cheti, ili karakana za serikali zisimwone kama mtu wa mtaani.

Futeni kifungu cha gari la biashara. Mwekeni mzee wa matikiti mbele ya msafara, maana yeye ndiye anayejua korongo lipi linapitika.

Na kwenye mashindano ya magari, ongezeni kombe moja. Nairobi wamekuwa na Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, na majaji hulitazama gari mpaka uvunguni kama ni safi. Vizuri. Sisi tutoe kombe kwa gari ambalo limefanya kazi miaka mingi bila kusimama, jina linalochongwa liwe la fundi, na fundi awepo akilipokea, na ovaroli yake.

Msiponielewa kwa haki, nielewe kwa hesabu. Rangi yako mpya itadumu miaka mitano. Ekseli yako haijui ratiba, itakatika karibu na Fufu jua likizama, na hapo hakuna mdhamini wala DJ atakayekusaidia. Atakayekusaidia ni mtu aliyefundishwa, kama atakuwepo.

Yule kijana wa tatu wa baba mdogo bado yuko Buigiri na bodaboda yake. Nilimwomba mwezi uliopita anikatie gasketi. Alichukua nyundo, akakaa chini, akaimaliza abiria wake akiwa anasubiri kwenye pikipiki. Ada ya safari zenu nne ingemrudisha gerejini mwaka mzima. Anzeni na yeye.